Rweya si ardhi ya bure

Kila kiangazi malalamiko ya vijiji vya Muleba na Bukoba Vijijini ni yale yale. Chemchemi imekauka. Watoto wanashuka mbali zaidi na madumu kabla ya kwenda shule. Mikungu ya ndizi imekuwa midogo. Na ikifika Novemba, senene hawatoshi hata kuonja. Kila lalamiko limepewa mkosaji wake: chemchemi imekaushwa na mabadiliko ya tabianchi, mikungu imepunguzwa na magonjwa, na senene, basi, ni mambo ya Mungu. Hatukatai. Lakini malalamiko hayo yote yanakutana mahali pamoja, na mahali penyewe panaonekana kwa macho kuanzia Ijumbi hadi Bukoba: ni rweya, nyika ya nyasi inayotenganisha kijiji na kijiji, ambayo kwa miaka mingi sasa tunaigawa kipande kwa kipande kana kwamba haina kazi.

Ina kazi. Tena bila hiyo hakuna kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba.

Mgeni akifika huku hushangaa. Anakuta migomba imesimama mwaka mzima, chini yake mibuni, maharage na magimbi, nyumba imejificha katikati, na anadhani udongo wa Buhaya umebarikiwa kuliko wa wenzetu. Mwaka 1938 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha Amani kule Usambara, aliandika kuhusu jambo hili hili la Bukoba: rutuba kubwa na rutuba duni zinakaa juu ya udongo wa aina moja. Chimba kibanjani, kisha vuka ukachimbe rweya. Asili ni ile ile. Tofauti imewekwa na mikono ya watu, kizazi baada ya kizazi.

Mikono hiyo ilichota wapi? Rweya. Ng'ombe walichungwa huko mchana na kulala nyumbani usiku, samadi ikabaki nyumbani. Nyasi zilikatwa huko zikatandikwa sakafuni. Zikichakaa zilitolewa na kutupwa chini ya migomba, na mpya zikaletwa. Nyasi nyingine zilikwenda moja kwa moja kwenye matandazo, kushika unyevu na kuzuia magugu. Hata leo, nyumba ikiwa na harusi au Krismasi ikikaribia, utawakuta vijana wanateremka na mizigo ya nyasi laini vichwani, na harufu yake inakufikia kabla hujawaona. Kwa hiyo anayesema rweya ni pori tu hajui ndizi anayokula imetoka wapi.

Mzunguko huo umeshaumia mara nyingi. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifyeka ng'ombe ukanda huu wote. Baadaye watu waliongezeka, na wanaendelea kuongezeka: sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Kagera na watu wapatao milioni 2.5, ile ya 2022 ikakuta karibu milioni 3. Vibanja vinagawanywa kwa watoto hadi kimoja hakitoshi mgomba na kaburi. Kaya zenye ng'ombe ni chache, na aliyebahatika kuwa na ng'ombe wa maziwa anamfugia bandani, naye anahitaji nyasi zilizokatwa kila siku. Nyasi hizo anazitoa wapi, kama kilima cha jirani sasa kina mwenyewe na mwenyewe yuko Dar es Salaam?

Hapo ndipo tulipofika. Enzi za Bakama, machifu wa Ihangiro, rweya ilikuwa na taratibu zake, nyingine za haki na nyingine za uonevu, lakini taratibu zilikuwepo. Serikali ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963 na rweya ikawa chini ya vijiji. Tangu hapo imekuwa rahisi mno kuigawa. Mtu anaandika barua, anaonana na viongozi wawili watatu, analipa anacholipa, anapanda mikaratusi au misonobari, na baada ya mwaka mmoja hakuna wa kumuuliza. Wengi wa wapandaji hawa ni watoto wetu wenyewe, waliosoma na kupata kazi mijini, wanaotafuta pensheni ya kujiwekea. Hatuwalaumu kwa kutaka mali. Tunawalaumu waliowapa kitu ambacho hawakuwa na mamlaka ya kukitoa.

Maana sheria iko wazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 8, inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti peke yake hawezi. Mtendaji hawezi. Wazee wa baraza wakiwa kwenye lubisi, pombe ya ndizi, hawawezi. Sheria hiyo hiyo inakitaka kijiji kitenge ardhi ya matumizi ya pamoja, na rweya ndiyo mfano wake halisi kwa Wahaya. Lakini tujiulize ni vijiji vingapi vya wilaya zetu mbili vina daftari la ardhi ya pamoja linaloweza kufunguliwa mezani na kusomwa na mwananchi yeyote.

Kuna watu wanaopoteza zaidi ya wengine katika ugawaji huu, na hawatajwi kwenye mikutano. Ni wanawake. Kibanja kwa mila ni cha ukoo, yaani cha wanaume. Mwanamke, hasa mjane au aliyeachika akarudi kwao, alipata mahali pa kulima njugu mawe na mazao mengine ya msimu kwenye omusiri, kipande cha rweya kinacholimwa kisha kikaachwa kupumzika. Hakuhitaji hati wala mume. Mwaka 1990, katika kesi ya Holaria Pastory, Mahakama Kuu ya Mwanza chini ya Jaji James Mwalusanya iliamua kuwa mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi aliyorithi kama mwanamume. Ni hukumu kubwa, inasomeshwa vyuoni mpaka leo. Lakini kilima kikipandwa mikaratusi, omusiri unakwisha siku hiyo hiyo, na hakuna jaji aliyepelekewa kesi ya njugu mawe.

Tuseme ukweli kuhusu mkaratusi wenyewe, maana hatutaki kuonekana maadui wa miti. Umejenga nyumba, umelipa ada za shule, umeivisha pilau za harusi na kuwapunguzia kina mama safari za kuni. Nguzo za umeme uliofika vijijini kwa mpango wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ni mikaratusi hiyo hiyo. Unakua haraka, ukikatwa unachipua tena, na haumhitaji mwenye shamba kuwa karibu. Sifa hii ya mwisho ndiyo inayowavutia wanaoishi mbali, na ndiyo inayotugharimu, kwa sababu mti usio na mwenyewe karibu hauna wa kuambiwa kwamba amepanda pabaya.

Mti unaokua haraka hunywa maji mengi. Hilo halihitaji digrii. Juu kilimani, palipo pakavu, hasara yake inavumilika. Bondeni, mizizi ikishafika kwenye mkondo unaolisha chemchemi, mwaka wa kwanza hutaona kitu, na miaka kadhaa baadaye dumu la lita 20 lililokuwa linajaa upesi linamfanya mtoto akae chini kusubiri. Ingia ndani ya shamba la mikaratusi iliyobanana uone. Chini kuna majani makavu yanayovunjika miguuni na magome yaliyobanduka, wala hakuna jani bichi la kumpa mbuzi. Mvua kubwa ikinyesha, maji hayana pa kushikwa. Yanateremka na udongo mwekundu hadi kijitoni, na kijito kinabadilika rangi kabla mvua haijakatika.

Udongo huo hauishii kijitoni. Maji ya mabonde yetu ama yanaingia moja kwa moja Ziwa Viktoria, ama yanapita Mto Ngono hadi Mto Kagera, na Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingiza maji ziwani. Ni mto huo huo uliotuletea magugu maji mwishoni mwa miaka ya 1980 kutoka juu Rwanda, yakaziba mialo na kuwanyima watu uvuvi kwa miaka mpaka wadudu walioyashambulia walipoachiliwa katika miaka ya 1990. Tuliwanung'unikia majirani wa juu kwa walichotuletea. Nasi tuna majirani wa chini: wavuvi wa Bumbire na Ikuza, wanaopokea kila tunachokiacha kiteremke.

Na tunachoacha si udongo tu. Vijana wanaolima nyanya mabondeni wanaosha bomba za dawa kwenye maji yale yale ambayo jirani anachota akapikie. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, viroba vya pombe miaka miwili kabla yake, na tunapongeza, kwa sababu kwa mara moja sheria ilifanya kazi mpaka dukani. Lakini chupa za plastiki ndizo zimechukua nafasi. Pita gulioni siku ya soko mvua ikinyesha, utaziona zinavyoelea kwenye mtaro.

Sasa turudi kwenye tabianchi, ambayo imekuwa kisingizio cha kila mtendaji aliyeshindwa kazi. Ni kweli hali imebadilika. Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita kidogo rekodi iliyokaa tangu 1964, na Mei 2024 likapanda tena kupita hapo. Fukwe na mialo ilimezwa, watu wakahama. Miaka 14 tu kabla ya 2020, yaani 2006, ziwa hilo hilo lilikuwa limeshuka chini kuliko miongo mingi iliyotangulia. Hayo ndiyo mabadiliko yanavyotufikia huku: mvua nyingi kwa mkupuo, kisha ukame usiotarajiwa. Ni kweli pia kwamba Afrika nzima inachangia takriban asilimia 4 tu ya gesi zinazoipasha dunia joto, na kwamba mkulima wa Ijumbi hawezi kuzima mtambo wa makaa ya mawe wa China wala gari la Mmarekani. Lakini ni nani aliyemzuia kuacha nyasi kilimani? Mvua ya mkupuo ikikuta nyasi, sehemu kubwa inazama ardhini na kurudi kama chemchemi wakati wa kiangazi. Ikikuta kilima kilichochomwa Agosti au sakafu tupu ya mikaratusi, inakwenda zake. Kadiri mvua inavyokuwa ya vurugu ndivyo rweya inavyozidi kuhitajika, na sisi tunazidi kuiuza.

Serikali nayo ina sehemu yake ya lawama. Agizo la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka lilitolewa kwa nia njema. Matokeo yake, halmashauri zinahesabu miche. Afisa akiulizwa anataja idadi iliyogawiwa, na mche mwepesi kuotesha, mwepesi kugawa na mwepesi kuishi ni mkaratusi au msonobari. Haulizwi umepandwa wapi, wala nini kilikuwepo pale kabla yake. Kilima chenye nyasi zinazolisha ng'ombe, migomba na senene kinaandikwa kuwa eneo wazi lililopandwa miti, na taarifa inasomeka vizuri Dodoma.

Kuna hoja moja dhidi yetu ambayo tunaiheshimu. Watasema rweya yenyewe si ya asili; huku palikuwa msitu. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Uchimbaji wa mambo ya kale uliofanywa na Peter Schmidt pale Katuruka, karibu na Maruku, umeonyesha kuwa watu wa huku waliyeyusha chuma miaka 2,000 na zaidi iliyopita, na chuma hakiyeyuki bila mkaa, na mkaa haupatikani bila kukata miti. Mababu walimaliza msitu. Basi kurudisha miti si kurudisha asili? Ingekuwa hivyo kama ingerudishwa miti ya msitu ule, mchanganyiko wake, na chemchemi zake. Anayetaka kuona msitu wa kwetu aende Minziro, wilayani Missenyi. Mstari wa mikaratusi kutoka Australia, yote ya umri mmoja, ni zao la biashara kama pamba. Lina haki ya kuwa na shamba lake. Halina haki ya kuitwa msitu ili lipewe ardhi ya wote.

Kuhusu senene tutasema kifupi, ingawa wasomaji wengi wangependa tuandike kurasa. Mdudu huyu anaishi kwenye nyasi na kula mbegu za nyasi. Miaka ya neema na miaka ya uhaba imekuwepo daima, na hatutadai kuwa kila uhaba umeletwa na mkaratusi. Lakini tunawinda kwa taa kali za umeme na mabati usiku kucha, tunawasafirisha hadi Dar es Salaam kwa mifuko, na wakati huo huo tunawaondolea malisho. Biashara gani inaendeshwa hivyo?

Ya kufanya yapo, na mengi hayahitaji mfadhili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mita 60 ni hatua 70 au 80 za mtu mzima. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuzipima asubuhi kabla ya chai. Kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo inayoweka kinga hiyo kwenye kila chemchemi na kutaja mkaratusi kwa jina. Mikaratusi iliyokwisha kupandwa ndani ya eneo hilo ikatwe na mwenyewe, mbao na kuni awe nazo, visiki ving'olewe visichipue. Kenya walijaribu mwaka 2009, waziri wa mazingira John Michuki alipoagiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji. Kelele zilipigwa, na amri ya waziri ilikwenda kwa mwendo wa amri za mawaziri. Ndiyo maana tunasema huku kwetu jambo hili lianze kijijini, kwa watu wanaochota maji kwenye chemchemi yenyewe.

Tukiambiwa wananchi hawatakubali, tunawakumbusha mnyauko. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba uligunduliwa Muleba mwaka 2006, baada ya kuingia Uganda mwaka 2001. Dawa haikuwepo na haipo hadi leo. Mkulima alitakiwa kung'oa mgomba wake mwenyewe, wenye mkungu juu, na kuufukia; kukata ua la dume kwa mti wenye panda badala ya kisu; kupitisha panga motoni au kwenye jiki kila alipotoka shina moja kwenda jingine. Kwa Mhaya, kuambiwa ang'oe mgomba ni msiba. Watu walilia, wengine wakaficha migomba iliyougua, sheria ndogo zikatungwa, majirani wakaanza kukaguana. Ugonjwa haukuisha, lakini pale walipofuata masharti ulirudi nyuma na vibanja vikasimama tena. Watu walioweza kung'oa migomba yao kwa ajili ya migomba ya jirani hawawezi kushindwa kung'oa visiki kwenye chemchemi.

Na pasiishie kwenye maji. Ugawaji wa rweya usimamishwe, wote, mpaka kila kijiji kiwe na mpango wa matumizi bora ya ardhi kama Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inavyotaka. Kipande kilichogawiwa bila idhini ya mkutano mkuu kirudi mezani, hata kama mwenye miti ni mheshimiwa, hata kama ni padri au mchungaji, hata kama ni ndugu yetu tuliyemsomesha kwa harambee. Anayetaka kupanda miti apande kwenye ardhi iliyotengwa kwa miti, alipe ada ya kijiji kila mwaka, na fedha hiyo isomwe hadharani. Halmashauri za Muleba na Bukoba ziache kuhesabu miche na zianze kuhesabu chemchemi zinazotoa maji mwezi Agosti. Hicho ndicho kipimo ambacho mama mwenye dumu anaweza kukihakiki mwenyewe.

Viongozi wa vijiji na vitongoji walichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 kwa miaka mitano. Kisheria wanatakiwa kuitisha mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu. Wananchi wa Ijumbi na jirani zao waende kwenye mkutano unaofuata na swali moja: rweya yetu imebaki ekari ngapi, na iliyoondoka amepewa nani? Wasiondoke mpaka jibu limeandikwa kwenye muhtasari.